Kifyonza Vumbi Kisichonirudishia Vumbi

Binti yangu ana pumu, kwa hiyo kwetu kifyonza vumbi hufanya kazi karibu kila siku. Hiki cha sasa ni cha tatu na nimekaa nacho miezi minane. Kabla sijasema kama kinafaa, acha nieleze kwa nini niliachana na cha pili, maana hicho ndicho kilichonifundisha nini cha kutazama nikiingia dukani.

Kilikuwa cha tangi, yaani kisicho na mfuko. Kwa macho kilivutia: plastiki angavu, unaona uchafu ukizunguka ndani kama kimbunga, na siku za mwanzo unafurahi kuona ulichokusanya. Tabu ilikuwa kukimwaga. Unabonyeza kitufe, kifuniko cha chini kinafunguka, nusu ya uchafu inadondoka kwenye pipa na nusu inabaki imejiviringisha kwenye wavu wa katikati: nywele, nyuzi za zulia, na ule unga wa kijivu laini kuliko majivu. Inabidi uingize vidole uvute. Fundo la nywele linaachia ghafla, na wingu linapanda. Asubuhi moja jua lilikuwa linaingia dirishani, nikaliona wingu lenyewe likielea mpaka usawa wa uso wangu, halafu likasogea polepole kuelekea mlango wa chumba cha watoto. Nusu saa nzima nilikuwa nimefagia kwa mashine, na sasa vumbi lilelile lilikuwa linarudi vyumbani kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo nina sharti moja linalotangulia mengine yote: vumbi likishaingia kwenye mashine, lisitoke tena ndani ya nyumba yangu. Nguvu ya kuvuta, rangi, wepesi, vyote vinafuata.

Wanaotetea tangi wana hoja nzito. Mfuko unapojaa, vitundu vyake huziba, hewa inapita kwa shida na mvuto unashuka. James Dyson, mvumbuzi Mwingereza, alikerwa na jambo hilohilo, akatengeneza mifano ya majaribio 5,127 mpaka akaipata mashine inayotenga vumbi kwa kuzungusha hewa kwa kasi bila kutegemea mfuko. Kwa nyumba isiyo na mgonjwa wa kifua, sina ugomvi nayo. Lakini historia ya kifaa hiki ina upande mwingine. Mwaka 1907 James Murray Spangler, aliyekuwa mfanya usafi wa duka huko Ohio, Marekani, na mwenye pumu, alishuku kwamba mashine ya kufagilia mazulia ndiyo inayomkohoza. Akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha. Mwaka uliofuata akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na baadaye kazi yake ikachukuliwa na familia ya mfanyabiashara William Hoover. Kifyonza vumbi cha kubebeka kilitoka kwa mtu aliyetaka kupumua. Nikiona muundo unaomlazimisha mtu kuinamisha uso juu ya vumbi lake mwenyewe, naona umesahau ulikotoka.

Hiki cha sasa kina mfuko. Si wa karatasi. Ni wa kitambaa cha nyuzi bandia, tabaka juu ya tabaka. Ninachokipenda zaidi ni kitu kidogo mno. Mdomo wa mfuko una kipande cha plastiki kinachoteleza kama mlango wa kabati. Unapouchomoa mfuko, kile kipande kinateleza chenyewe na kuziba tundu kabla mfuko haujatoka mahali pake. Unaupeleka pipani umefumba mdomo. Mara ya kwanza nilidhani sikuuona vizuri, nikaurudisha na kuuchomoa tena mara tatu ili niangalie. Aliyebuni kile kipande nampa heshima zote.

Sasa filta. Kwenye boksi utaona maandishi makubwa ya HEPA, yaani filta ya kunasa chembe ndogo sana, na ya daraja la H13 inatakiwa kunasa asilimia 99.95 ya chembe hata za ukubwa ule ulio mgumu kuliko wote kunaswa. Ni nzuri kweli. Ila filta haina msaada kama hewa inapita pembeni yake. Kile cha pili kilikuwa na filta ya jina hilohilo, na baada ya miezi michache nikaona mstari mwembamba wa kijivu kuzunguka mlango wa filta, kwa nje. Maana yake hewa chafu ilikuwa inatokea kwenye ungio, haijagusa filta kabisa. Raba ya kuzibia ilikuwa nyembamba kama uzi wa kiatu na upande mmoja ilikuwa imeshajikunja. Kwa hiyo siku hizi naufungua huo mlango palepale dukani, napitisha kidole kwenye raba. Iwe nene, iwe laini, izunguke pande zote bila kukatika. Nyumbani nafanya jaribio la tochi: usiku nazima taa, nawasha mashine, namulika tochi kwa ubavu penye matundu ya kutolea hewa. Chembe zinazotoka huonekana ziking'aa kwenye mwanga. Cha pili kilitoa msafara mzima. Cha sasa naona moja hapa, moja pale, na hizo huenda zilikuwa zinaelea chumbani tangu awali.

Na hayo matundu yatazame juu. Yakielekea sakafuni yanapeperusha vumbi kabla hujalifikia.

Kuhusu wati, usidanganywe na namba kubwa. Wati zilizoandikwa ni umeme unaoliwa na mota, hazisemi uchafu kiasi gani unavutwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 Septemba 2014, ukashusha hadi 900 Septemba 2017, na watengenezaji ikabidi watafute ufanisi kwenye feni, njia ya hewa na umbo la kichwa. Cha kwanza nilichomiliki kilikuwa na wati 2,000, kilipiga kelele kama jenereta na kiliacha mchanga kando ya ukuta. Hiki kina 800, kichwa chake kinalala vizuri sakafuni na kina nafasi pembeni ya kuvuta hadi ukingoni. Mchanga hauna pa kujificha.

Kichwa chenye brashi inayozunguka ni cha lazima kwa zulia, lakini kiwe na swichi ya kuisimamisha brashi, la sivyo kwenye vigae inarusha punje nyuma badala ya kuzimeza. Na brashi itoke kwa mkono, bila bisibisi. Nywele ndefu hujisokota humo, zinakaza mpaka brashi inagoma, na mtu akihitaji kutafuta bisibisi ya nyota kila mara ataiacha hivyo hivyo mwezi mzima. Mimi niliiacha. Ile ya sasa unazungusha kishikio robo mzunguko inachomoka, unapitisha mkasi kwenye mfereji uliochongwa kwa kazi hiyo, umemaliza.

Hapa kwenye kuziba kuna jambo linaloniuma. Cha pili kilizima ghafla siku moja katikati ya kazi, hakikuwaka tena. Nikakipeleka kwa fundi nikijua mota imeungua. Akafungua kiwiko cha bomba, akatoa soksi ya mtoto. Mota ilikuwa imejizima yenyewe kwa sababu ya joto, kinga nzuri kabisa, lakini mashine haikuwa na taa wala alama ya kumwambia mwenye mali kwamba njia imeziba. Taa moja nyekundu ingeniokolea siku mbili. Na kile kiwiko kilikuwa kimefungwa kwa skrubu, wakati ndipo pahali pa kwanza vitu hukwama. Cha sasa kina kioo kidogo juu kinachobadilika rangi hewa ikipungua, na bomba linatenganishwa kwa kubonyeza. Hapo kimefaulu.

Visivyo na waya nilivijaribu kwa jamaa yangu. Vinafaa kwa makombo ya haraka. Ila mota na betri viko mkononi, na kifundo cha mkono kinalalamika kabla chumba hakijaisha. Tena ukiweka nguvu ya juu chaji inakwisha kwa dakika chache. Ukikitaka hata hivyo, hakikisha betri inachomolewa na inauzwa peke yake, kwa kuwa betri za lithiamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda na hakuna haja ya kutupa mashine nzima kwa ajili yake. Mimi nimebaki na waya. Wa hiki ni mita tisa, unajikunja kwa kukanyaga kitufe, na una alama ya njano ya kuonya kwamba unakaribia mwisho na nyekundu ya kusimama.

Kasoro zake? Ziko mbili. Magurudumu ni ya plastiki tupu, yanakwaruza na kugonga kwenye vigae, yangevishwa raba. Ya pili ndiyo kubwa: ule mdomo wa mfuko ninaousifu una umbo la kwao peke yao, hauingiliani na mfuko wa mtengenezaji mwingine yeyote. Siku wakiacha kuutengeneza, mashine nzima inayofanya kazi itakuwa haina kazi. Kama wangekubaliana umbo moja la mdomo, kama soketi na plagi zinavyokubaliana, ningekipa alama zote. Kwa sasa nakipa nane kwa kumi, na kabatini nimeweka akiba ya mifuko kumi na miwili.