eBird kando ya ziwa majira ya baridi: kinachofaa na kinachoharibika

Kwa kuandika ndege wa ziwani wakati wa baridi, eBird ndiyo programu ya simu ya kuanza nayo. Ni ya bure, ni ya mradi ulioanza 2002 chini ya Cornell Lab of Ornithology, taasisi ya utafiti wa ndege nchini Marekani, na hufanya kazi bila mtandao mradi umepakua mapema faili la eneo unalokwenda. Orodha hukaa kwenye simu hadi utakapopata mtandao uitume.

Thamani yake kubwa imo katika swali moja la mwisho: je, umeorodhesha kila ndege uliyeweza kumtambua? Ukijibu ndiyo, hata ndege asiyekuwemo anakuwa taarifa. Ziwa likianza kuganda, bata, kibisi na kukuziwa husongamana penye maji yaliyobaki wazi, au huhama kabisa. Siku waliyotoweka itajulikana tu ikiwa mtu alikwenda, akatazama, asiwaone. Anayejibu ndiyo ilhali amewaruka shakwe kwa kuwa ni wa kawaida, anaharibu hasa kile kinachoipa programu hii maana.

Programu inakubali X mahali pa idadi, yaani ndege alikuwepo ila hakuhesabiwa. Usiizoee. Kwa kundi kubwa, hesabu ndege kumi, angalia nafasi waliyoichukua, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Wanaozamia wana shida yao: kila unapotazama, baadhi wako chini ya maji. Pitisha darubini mara tatu na uchukue idadi iliyo kubwa kuliko zote, usijumlishe.

Sehemu iliyotengenezwa vizuri mno ni ile ya ndege wasiotambulika sawasawa. Amerika Kaskazini, bata wawili wanaofanana, Aythya marila na Aythya affinis, hutofautishwa zaidi kwa umbo la kichwa: wa kwanza ni cha mviringo, wa pili kimechongoka kuelekea kisogoni. Lakini bata anayezamia hubana manyoya ya kichwani na umbo likabadilika, mbali na mawimbi yanayomficha. eBird ina ingizo la "mmoja wa hawa wawili", na jingine la bata ambaye aina yake haikujulikana. Yasipoonekana kwenye orodha ya mwanzo, yatafute kwa jina. Ingizo la namna hiyo lina faida kuliko kubahatisha.

Idadi au aina ikizidi kawaida ya eneo na mwezi huo, utaombwa maelezo, na wakaguzi wa kujitolea watayasoma. "Nina hakika" haiwasaidii. Andika rangi, ukubwa wake akiwa karibu na ndege mwingine, umbali, na jinsi ulivyohesabu.

Makosa mengi hutokea kwenye umbali na mahali. Ukizunguka ziwa kwa gari, funga orodha kila unapoondoka kituoni na ufungue nyingine unapofika kinachofuata. Ukisahau, kilomita za barabarani huingia na orodha hupoteza maana. Ukienda na kurudi kwa njia ileile, umbali unaohesabiwa ni wa kwenda tu, kwa hiyo kagua namba kabla ya kutuma. Chagua alama ya ufuko uliosimama, si ya ziwa zima. Na kundi lilelile likionekana kutoka fuko mbili, lieleze kwenye maelezo ya orodha ya pili.

Ufuatiliaji wa njia hula betri, nayo baridi huidhoofisha upesi. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.