Kuuachia mfumo uondoe keneli za zamani: tathmini kutoka Langoni, Lamu

Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikitunza kompyuta sita katika chumba kidogo cha mafunzo huku Langoni, Lamu, pamoja na seva moja ya nyumba ya wageni iliyoko Shela, na zote zinatumia Ubuntu 22.04, mojawapo ya mifumo ya Linux. Ninachokusudia kukitathmini hapa ni sehemu moja tu ya mfumo huo, ambayo wengi wanaitumia kila siku pasipo kujua kwamba ipo: ile kazi ya kuondoa keneli za zamani bila kuamriwa na mtu, ambayo hufanywa na programu iitwayo unattended-upgrades ikisaidiana na apt, chombo cha kusakinisha na kuondoa programu. Hukumu yangu naitoa mapema. Ni kazi nzuri, naiamini, na nimeiacha iendelee katika mashine zote saba. Lakini yapo mambo mawili ambayo mwenye mashine lazima ayatimize mwenyewe, na asipoyatimiza atakuta siku moja sehemu ya /boot, zinamokaa keneli, imejaa pomoni.

Keneli ndiyo kiini cha Linux, ile kazi aliyoitangaza Linus Torvalds mwaka 1991, na ndiyo inayosimamia kumbukumbu, diski, mtandao na vifaa vyote. Sasisho la usalama linapotoka, Ubuntu haiifuti keneli iliyopo ikaweka nyingine mahali pake, bali huisakinisha mpya kando ya ile ya zamani, kila moja na namba yake, kwa mfano 5.15.0-91 na baadaye 5.15.0-94. Sababu yake ni ya busara: ikiwa mpya itagoma kuwaka, ya zamani ipo na unaweza kurudi kwayo. Ila kila inayoongezeka inakula nafasi. Katika mashine moja ya hapa chumbani, nilipoorodhesha yaliyomo ndani ya /boot, faili la initrd (linaloisaidia keneli wakati wa kuwaka) la keneli moja lilikuwa na megabaiti 110, vmlinuz (keneli yenyewe) megabaiti 11, na System.map (orodha ya anwani zake) megabaiti 6, yaani keneli moja inafikia karibu megabaiti 130. Ambaye diski yake haikufichwa kwa nywila huenda asione tatizo kwa muda mrefu, kwa sababu /boot yake ni saraka tu ndani ya diski kubwa; lakini aliyechagua kuficha diski nzima hupewa /boot iliyotengwa peke yake, na hiyo ndiyo hujaa.

Nilijifunza hilo kwa kompyuta ya mkononi tuliyopewa ikiwa tayari imetumika kwingine, ambayo fundi aliyeiandaa mwanzoni aliitengea /boot megabaiti 500. Alasiri moja mwanafunzi aliniita, "Maalim, imekataa kusakinisha, inasema hakuna nafasi, na diski ina nafasi tele!" Alisema kweli, kwani diski ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 200 zilizo wazi. Nilipoandika df -h /boot, amri ya kupima nafasi, ndipo nikaona asilimia 100. Hesabu yake ni nyepesi ukishaijua: keneli tatu za megabaiti 130 ni 390, na ya nne ilikuwa inaingia. Zaidi ya hayo, mfumo unapotengeneza upya faili la initrd huliandika kwanza jipya kando ya lile la zamani ndipo ulibadilishe, hivyo hata kwa keneli ambayo imo tayari inahitajika nafasi ya ziada ya muda.

Kwa nini basi kifagio hiki cha keneli hakikufagia? Hapa ndipo pana yale mambo mawili niliyoyataja. La kwanza ni kwamba kompyuta ile haikuwahi kuzimwa. Wanafunzi walikuwa wakiifunika tu na kuifunua, na keneli mpya haianzi kutumika mpaka mashine iwashwe upya. Kanuni ya apt ni kutogusa kamwe keneli inayotumika wakati huo, wala ile mpya zaidi, na kwa kawaida hubaki mbili, wakati mwingine tatu. Mashine iliyokaa miezi mitatu bila kuwashwa upya inailinda keneli ya miezi mitatu iliyopita kana kwamba ndiyo tegemeo lake, na kwa hakika ndiyo tegemeo lake, maana ndiyo inayoiendesha.

La pili lilikuwa gumu zaidi kuligundua. Keneli mbili kati ya zile zilikuwa zimesakinishwa kwa mkono, kwa kutajwa jina kamili, na apt inapoona hivyo huziandika katika orodha ya vitu alivyovitaka mwenyewe mwenye mashine. Kitu ulichokitaka mwenyewe hakiondolewi bila idhini yako, na mimi nasema hiyo ni adabu njema ya programu. Amri ya apt-mark showmanual ndiyo iliyonionyesha. Tangu hapo, kabla ya kumlaumu yeyote, huitazama orodha hiyo kwanza, nikaikuta keneli yenye namba yake nikairudisha katika hali ya kawaida kwa apt-mark auto, kisha apt autoremove --purge inamalizia.

Siku ile, hata hivyo, autoremove ilikataa kufanya kazi, kwa kuwa usakinishaji ulikatikia katikati na mfumo ukawa unadai urekebishwe kwanza, na marekebisho nayo yanadai nafasi. Niliandika uname -r ili nijue keneli inayotumika, nikachagua moja ya zamani isiyokuwa hiyo, nikaiondoa kwa dpkg --purge (dpkg ndicho chombo ambacho apt hukitegemea) pamoja na vifurushi vilivyoitegemea, ndipo apt -f install, amri ya marekebisho, ikapita. Namsihi kila anayesoma asifute faili kwa rm ndani ya /boot hata akiwa na haraka kiasi gani. Nafasi utaipata, lakini kumbukumbu za dpkg zitaendelea kusema kwamba keneli hiyo ipo, na sasisho lijalo huenda likajaribu kuitengenezea initrd tena.

Baada ya hapo nilikaa na faili la mipangilio, /etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades, nikalisoma mstari kwa mstari. Mstari unaohusika na jambo letu ni Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Kernel-Packages "true". Nao katika faili langu ulikuwa umetanguliwa na mikwaju miwili, alama ya kwamba hausomwi. Mgeni wa faili hili atadhani kazi imezimwa. Haikuzimwa, kwani kuondoa keneli ndiyo hali ya kawaida ya programu hata mstari usiposomwa. Mimi niliiondoa mikwaju hiyo ili atakayenirithi katika kazi hii asitie shaka. Ninalolipenda zaidi ni utaratibu wenyewe: inaanza kwa kuondoa keneli zisizohitajika, ndipo inaleta masasisho, hivyo nafasi inapatikana kabla ya kuhitajika. Lakini ufahamu kwamba ufagiaji huo hufanyika pale unattended-upgrades inapofanya kazi yenyewe. Ukipenda kusasisha kwa mkono kwa apt upgrade, ni juu yako kuandika na autoremove.

Kwa mahali kama Lamu, ambapo umeme hukatika na bando hununuliwa kwa kuhesabu, ipo mipangilio mingine mitatu ninayoithamini. Kompyuta ya mkononi inayotumia betri haisasishwi mpaka iunganishwe na umeme, na hiyo ndiyo hali ya kawaida. Kazi inagawanywa katika hatua ndogo ndogo, ili mashine ikitakiwa kuzimwa isiachwe katikati ya jambo kubwa. Sisemi kwamba kukatika umeme ghafla hakuna madhara, ila hatari hupungua. Tena ipo saa yenyewe: kazi hii imepangiwa saa kumi na mbili asubuhi, na muda wa kubahatisha usiozidi saa moja, na mashine iliyokuwa imezimwa wakati huo huifanya mara inapowashwa. Hilo la mwisho ni zuri kwa usalama, lakini kwa darasa la saa mbili asubuhi lina uzito wake, kwa sababu kompyuta sita zikiwashwa pamoja na kila moja ikadai keneli mpya, ambayo na vifurushi vyake hufikia megabaiti mia moja hivi, bando la juma huisha kabla ya somo kuanza. Sasa naziwasha baada ya sala ya alfajiri siku moja kila juma, moja baada ya nyingine.

Jambo la seva ya Shela nalieleza kwa kirefu kidogo, kwa maana ndilo lililonifanya niheshimu kile ambacho kifagio hiki kinakataa kufagia. Seva ile ndiyo inayowagawia wageni intaneti kupitia kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka, ambacho programu yake ya kukiendesha haimo ndani ya keneli bali hujengwa upya kwa kila keneli mpya inayoingia. Niliiwekea Automatic-Reboot kuwa kweli na saa yake "02:00", yaani saa nane usiku kwa hesabu yetu, wakati wageni wamelala. Usiku mmoja ikajiwasha upya ikiwa na keneli mpya, na ile programu ya kifaa ikashindwa kujengeka. Alfajiri Bi mwenye nyumba akanipigia simu, "Mwanangu, wageni hawana mtandao na wengine wanaondoka leo." Nikashika njia ya pwani kwa miguu, maji yakiwa yametoka, nikafika, nikaiwasha upya nikiwa nimeshikilia kitufe cha Shift mpaka orodha ya GRUB, programu ya kuchagulia keneli ya kuwashia, ikatokea, nikaingia kwenye machaguo ya ziada, nikachagua keneli ya kabla. Intaneti ikarudi kabla ya chai kuandaliwa. Laiti mfumo ungekuwa umeacha keneli moja tu, ningekuwa na kazi ya siku nzima, tena bila mtandao wa kupakulia chochote.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosambaza hati fupi za amri zinazofuta kila keneli isipokuwa inayotumika sasa. Nafasi unayookoa ni megabaiti mia na kitu. Unachokitoa ni njia yako ya kurudi. Ile amri ya purge-old-kernels iliyokuja na programu ya byobu nayo imepitwa na wakati, na apt autoremove inatosha.

Wanaotumia Fedora, aina nyingine ya Linux, wana njia iliyo nyepesi kuelewa kuliko yetu. Ndani ya /etc/dnf/dnf.conf huwekwa mpangilio mmoja, installonly_limit, ambao kwa kawaida ni 3, nayo maana yake ni kwamba keneli ya nne ikiingia, iliyo kongwe kuliko zote isiyotumika huondoka. Mtu huibadilisha namba akamaliza. Upande wa Ubuntu elimu hiyo imetawanyika kati ya apt, unattended-upgrades na alama za apt-mark, na asiye na mwalimu hupoteza siku mbili kuikusanya. Hilo ndilo pungufu kubwa ninaloliona, na laiti lingerekebishwa ningeisifu kazi hii bila sharti.

Mwenye /boot ndogo asiyeweza kusakinisha upya anaweza kubadili MODULES=most kuwa MODULES=dep katika /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, na faili la initrd litapungua sana, ingawa diski hiyo haitafaa tena kuhamishiwa mashine nyingine bila maandalizi. Ile kompyuta yetu sikuifanyia hivyo. Niliisakinisha upya wakati wa likizo, nikaitengea /boot gigabaiti 2, na jana jioni df ilionyesha asilimia 14, keneli mbili zikiwa ndani.