Uzoefu wangu: ziara ya nusu siku ya Malkia wa Sheba mjini Aksum

Mwezi Oktoba 2019, mimi na mwalimu mwenzangu tulilipia ziara ya nusu siku mjini Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, iliyotangazwa kuwa ni ya kufuata nyayo za Malkia wa Sheba. Kampuni sitaitaja. Malkia huyu mimi nilimjulia chuoni, katika Sura ya An-Naml, ambamo ndege hudihudi anamletea Nabii Suleiman habari za mwanamke anayetawala watu wanaolisujudia jua; Kurani haimtaji kwa jina, na hilo la Bilkisi linatokana na wafasiri. Mwenzangu, ambaye ni Mkristo, alimjua kwa 1 Wafalme sura ya 10, anapofika Yerusalemu na ngamia, manukato na talanta 120 za dhahabu ili amjaribu mfalme kwa maswali ya fumbo.

Kiongozi wetu akatuongezea malkia wa tatu. Tukiwa nje ya uzio wa kanisa dogo lililo karibu na Kanisa la Maryamu wa Sayuni, ambamo Waethiopia huamini kuwa Sanduku la Agano limehifadhiwa na haingii mtu isipokuwa mtawa mmoja anayelilinda, alitusimulia habari za Makeda wa Kebra Nagast, kitabu cha karne ya 14 cha Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia: jinsi alivyozaa na Suleimani mwana aitwaye Menelik, na jinsi Sanduku lilivyoletwa Aksum. Alieleza pia kwamba hata Katiba ya mwaka 1955 ilimhesabu Haile Selassie katika ukoo huo, miaka 19 kabla hajapinduliwa. Alisimulia kwa utulivu, akitenganisha kile kitabu kinachosema na kile yeye mwenyewe anachoamini, na kwa saa hiyo moja sikuijutia fedha yangu.

Nilianza kununa tulipofika Dungur, magharibi mwa mji, kwenye magofu yanayoitwa jumba la malkia. Ni magofu mazuri, yenye vyumba vipatavyo 50, sakafu ya mawe bapa na majiko ya matofali. Lakini wanaakiolojia huyaweka karibu na karne ya 6 Baada ya Kristo, ilhali Suleimani huwekwa karne ya 10 Kabla ya Kristo. Kiongozi alituonyesha "chumba cha kiti cha enzi" bila kugusia tofauti hiyo ya miaka ipatayo 1,500, na nilipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba watu ndivyo wanavyopaita. Jibu hilo lingenitosha kama lingetangulia swali. (Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa mawe ya makaburi unaoitwa kwa jina la Gudit, malkia ambaye mapokeo yanasema aliiangamiza Aksum. Malkia wawili wanatazamana, na tulipita bila kushuka garini.)

Bwawa la Mai Shum, linaloitwa bafu la malkia, tuliliona haraka, na hapakuwa na mengi ya kueleza.

Lawama yangu kubwa ni kuhusu kibanda kidogo kilicho juu ya bwawa hilo, tulichopewa dakika zisizozidi tano. Ndani yake kuna jiwe la Ezana, mfalme wa Aksum wa karne ya 4, lililoandikwa kwa Kigiriki, kwa Kigeezi na kwa herufi za Kisaba, yaani herufi za ufalme wa Saba (ndio Sheba) uliokuwa na mji mkuu Marib, Yemen. Katika maandishi yake Ezana anajiita pia mfalme wa Saba. Hapo ndipo pande mbili za Bahari ya Shamu zinakutana katika jiwe moja, na mtu anaweza kuelewa kwa nini Yemen na Ethiopia zote mbili humdai malkia huyu. Nasi dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Ninaipa ziara hii nyota tatu kati ya tano, na zote ni za kiongozi. Atakayeichukua aombe aanzie kwenye jiwe la Ezana na aiache Dungur mwishoni. Mwenye siku nzima alipie safari ya Yeha, mashariki mwa Aksum, penye hekalu la mtindo wa Kisaba lililo kongwe kuliko Dungur kwa zaidi ya miaka elfu. Sisi tulilisikia kwa mara ya kwanza tukiwa njiani kurudi hotelini.