Ramani ya ukutani ya Tanzania: skeli safi, rangi zinapotosha

Kwa darasa la tano na la sita, ramani hii ya plastiki inayouzwa Mtwara mjini inastahili kununuliwa kwa sababu ya skeli yake, 1:1,500,000. Sentimita 1 ni kilomita 15, hesabu ambayo mtoto anaiweza. Akiweka rula kutoka Mtwara hadi Lindi anapata sm 4, yaani kilomita 60 za mstari ulionyooka. Sasa mpe uzi aulaze juu ya barabara, apinde nao pale Mnazi Mmoja, kisha aunyooshe kwenye rula: karibu sm 7, zaidi ya kilomita 100. Hapo ndipo anaelewa kwa nini basi halipiti alipopita kunguru. Uzi uwe wa pamba. Wa nailoni unateleza kwenye kona na kipimo kinapungua.

Kasoro kubwa ni rangi. Kijani kinaishia kwenye mwinuko wa mita 1,000, kwa hiyo uwanda wa juu wa Makonde umepakwa sawa na ufukwe wa Mikindani. Mtoto wa Newala, juu ya uwanda huo, anayeona ukungu wa asubuhi bondeni chini yake, anaambiwa anaishi tambarare! Mwalimu achore mstari wa mwinuko wa mita 500 kwa kalamu ya wino usiofutika kabla ya kufundisha miinuko.

Matundu ya kutundikia yanachanika haraka. Bana ukingo wa juu kati ya fito mbili, na ramani uikunje kwa kuiviringisha.