Matofali ya udongo na saruji Mwanza: yapi ununue, yapi uyaache

Ukipita kwenye viwanja vya matofali ya kufungamana (yanayoshindiliwa kwa mashine na kuingiana yenyewe ukijenga), Buhongwa au Kisesa, swali la wanunuzi ni moja: mfuko mmoja wa saruji umetoa matofali mangapi? Swali zuri, ila ulizia na maji. Saruji haikazi bila maji. Tofali lililofyatuliwa asubuhi na kuanikwa juani mchana limepoteza maji kabla saruji haijafanya kazi, hata kama mfuko ulimwagwa wote.

Chaguo la kwanza kwangu ni udongo wa kichanga (Wasukuma huuita luseni) au moramu, ule mwekundu wenye changarawe, uliochanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10. Nenda siku wanayofyatua. Chukua mchanganyiko, ufumbate kiganjani, kisha uudondoshe kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ngumu. Ukivunjika vipande vichache, maji yametosha. Ukitawanyika kama unga ni mkavu, mashine haitaushindilia vizuri; ukibaki bonge umelowa mno, na maji hayo yakikauka yataacha matundu. Angalia pia saa: mchanganyiko uliokwisha kutiwa maji utumike ndani ya saa moja hivi. Uliosubiri mafundi wale ugali kisha ukaongezewa maji, usiupokee. Baada ya hapo matofali yafunikwe kwa nailoni kivulini na kumwagiliwa siku 7 angalau. Kujengea, bora yafike siku 28.

La pili ni chokaa, kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi. Chokaa huutuliza mfinyanzi usivimbe na kupasuka, jambo ambalo saruji kidogo hailiwezi. Majivu ya pumba za mpunga yaliyoungua vizuri na kusagwa laini huiongezea chokaa nguvu, na pumba huku kwetu hazikosekani. Tatizo ni muda: chokaa hukaza polepole, na mafundi wengi hawana subira hiyo. Ndiyo maana nimeiweka ya pili.

La mwisho, na sikushauri, ni mfinyanzi mweusi wa mbugani ulionyunyiziwa saruji kiduchu. Bei yake inavutia, na tofali lake likiwa kavu hata ukiligonga linalia vizuri; likilowa ndipo mfinyanzi huvimba na kupasuka.

Kwa hiyo usipime tofali kavu. Likilowa, nguvu yake inaweza kushuka hadi karibu nusu. Nunua mawili matatu, yaloweke usiku kucha, asubuhi yakwaruze kwa msumari. Linalomeguka kingo lisifike kwenye msingi wako, hasa kama kiwanja kiko bondeni karibu na ziwa.