Kadi za posta za "Impression, soleil levant": uzoefu wangu nazo katika hewa ya Lamu

Pakiti ina kadi 20, zote za mchoro mmoja: bandari ya Le Havre, Ufaransa, jua likichomoza, kazi ya Claude Monet ya 1872. Nazitumia hapa Amu (Lamu) kwa kuandikia barua na kwa kupamba ukuta. Rangi zimetendewa haki na karatasi ni nzuri. Tatizo ni kwamba aliyezitengeneza hakuifikiria hewa ya pwani, na asiyejua kuzitunza masika yatamharibia.

Nitaanza na jua, kwa sababu hapo ndipo wachapaji wengi huharibu. Jua la Monet ni la rangi ya chungwa iliyoiva, lakini mwangaza wake unakaribia kuwa sawa na wa mbingu ya kijivu inayolizunguka. Jicho huona tofauti ya rangi bila kuona tofauti ya mwangaza, ndipo jua huonekana kama linatetema. Kupima ni rahisi. Piga kadi picha kwa simu karibu na dirisha, kivulini, si chini ya taa, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye chapa nzuri jua hupotea karibu lote. Likibaki linawaka, mchapaji amelipandisha mwanga ili kadi ivutie dukani. Likigeuka doa jeusi, wino umezidi. Kwenye kadi hizi linafifia hata ukilitafuta hulipati kwa urahisi. Hicho ndicho kilichonifanya nizikubali.

Kasoro ipo kwenye chungwa lenyewe: limepoa kidogo. Hilo si uzembe. Uchapaji wa wino nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, hauwezi kufikia chungwa kali, na anayetaka zaidi lazima aongezewe wino wa tano, na bei nayo ipande. Kwa lenzi ya kukuzia utaziona nukta za wino, lakini kwa umbali wa kusoma barua hazionekani.

Angalia pia jinsi picha ilivyokatwa. Mchoro wa asili una sentimita 48 kwa 63, na kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148. Maumbo hayo hayalingani. Mchapaji akitaka picha ijae kadi yote, inabidi akate karibu asilimia 7 ya urefu wa kwenda juu. Akiikata chini, hatari inakuwa kwa sahihi ya Monet, iliyo pembeni chini kushoto pamoja na mwaka 72. Kadi hizi zimeachiwa ukingo mweupe, mpana zaidi kushoto na kulia, picha ikabaki nzima. Wapo wasioupenda ukingo huo. Mimi nauona ni heshima kwa mchoro.

Nyuma pameandikwa jina la mchoro, mwaka, vipimo, na Musée Marmottan Monet, Paris, ambako ndiko uliko. Kadi ikikutajia makumbusho mengine, shuku na rangi zake. Monet alifariki 1926, haki za kazi zake zimekwisha muda, kwa hiyo yeyote mwenye mashine aweza kuuchapa, hata kwa faili duni la mtandaoni.

Karatasi ni ya gramu 350 kwa mita mraba, kwa hiyo kadi moja ina uzito wa gramu 5 na kitu. Uso umepakwa vanishi isiyong'aa; mgongo haukupakwa chochote. Biro inaandika vizuri, penseli pia. Kalamu ya jeli huchelewa kukauka hapa kwetu, na mkono ukipita juu yake anwani inachafuka.

Tofauti hiyo ya uso na mgongo ndiyo inayozaa tatizo. Mgongo hunywa unyevu na kutanuka, uso uliozibwa na vanishi hautanuki, basi kadi hujikunja kuelekea upande wa picha. Ikishajikunja, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe safi, juu yake vitabu vizito, ndani ya chumba kikavu. Usiipige pasi, vanishi italainika. Usiianike juani, rangi zitapauka.

Kuzihifadhi, tumia kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vijifuko vya silika, zile chembe za kunyonya unyevu. Kadi zikae uso kwa mgongo. Nyuso mbili zikigusana kwenye joto na unyevu zinaweza kunata, na ukizibandua rangi inatoka. Mchele badala ya silika sishauri: unanyonya kidogo tu, unaacha vumbi, na fukusi nao hawakawii. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC, iepuke kabisa.

Ukutani kazi ni kubwa zaidi. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hupitisha unyevu na chumvi kutoka ndani ya ukuta. Fremu ikilala juu ya chokaa, mgongo wa kadi utaota madoa ya kahawia. Bandika vipande vya kizibo kwenye pembe nne nyuma ya fremu ili hewa ipite. Mbele, kadi isiguse kioo. Weka ukingo wa karatasi nene katikati. Usitumie selotepu, hugeuka manjano. Kunja vipembe vya karatasi vishike kadi kwenye kona. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni mahali pazuri, kwani jua la moja kwa moja halifiki ndani, mradi kadi isimame kwenye kiegemeo bila kugusa ukuta. Usiiweke upande unaopigwa na jua la uani.

Kwa kutuma, A6 haina shida posta. Stempu ibandike baada ya kuandika anwani, na kama ni ya gundi ya kulowesha, lowesha kidogo tu: maji yakizidi, mgongo usio na vanishi unavimba na stempu inainuka ukingoni. Kadi ikienda mbali, naitia kwenye bahasha, kwa sababu vanishi hii isiyong'aa inashika michubuko ya mihuri na mashine, hasa kwenye maji meusi ya chini ya picha.