Uzoefu wangu: Musical Instrument Museum, Phoenix

Wageni wakinitembelea Phoenix, Arizona, swali la kwanza huwa ni wapi pa kwenda mchana, jua la jangwani likiwa limepita nyuzi 40 na nje hapakaliki. Jibu langu ni moja siku zote: Musical Instrument Museum, ambayo wenyeji huiita MIM. Iko kaskazini mwa jiji na ilifunguliwa mwaka 2010.

Ukishakata tiketi (mtu mzima ni karibu dola 20) unapewa hedifoni, na hubonyezi kitu. Ukikaribia sehemu ya nchi fulani, muziki wake unaingia masikioni wenyewe, na kwenye skrini unawaona wapigaji wakiwa kwao, wanacheza na kuimba. Sogea hatua chache, sauti hiyo inafifia na nyingine inashika. Ndiyo maana ukumbi unaweza kujaa watu usisikie kelele.

Safari moja nilikwenda na jirani yangu, mzee wa Kikongo kutoka Kivu, mmoja wa wakimbizi wengi wa kutoka Maziwa Makuu waliopewa makazi katika jimbo hili. Tulipofika penye likembe, kisanduku chenye vyuma bapa vinavyopigwa kwa vidole gumba, mzee hakuondoka. Vidole gumba vyake vikaanza kucheza hewani. Akanionyesha vipete vya waya vilivyozungushwa kwenye vile vyuma bapa. "Hivi si pambo, mwanangu. Ndivyo vinavyoleta ule mvumo. Ukivitoa, likembe imekufa." Mama mmoja wa Kizungu alivua hedifoni zake akaomba nimtafsirie, na mzee akaanza somo upya kwa furaha.

Hilo ndilo linalonifanya niipende MIM kuliko makumbusho mengine niliyoyaona. Ngoma na marimba za Afrika hazikuwekwa kama masalia ya watu wa kale. Zimepewa nafasi na usikivu uleule wanaopewa waunda fidla wa Italia. Kuna hata ala za vijana wa Cateura, Paraguay, zilizoundwa kwa makopo na vyuma vilivyookotwa jalalani, na ukizisikia zikipigwa utaamini kwamba ufundi hauchagui mali. Oktobasi nayo, fidla nene ya zaidi ya mita 3 kwenda juu, itazame ukiwa karibu kabisa.

Wenye watoto, ghorofa ya chini kuna chumba cha kujipigia wenyewe: ngoma, kinubi, upatu mkubwa. Wangu hawatoki humo bila kubembelezwa.

Milango hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Fika mapema, anzia Afrika ghorofa ya juu miguu ikiwa na nguvu, maana siku moja haitoshi kuona vyote. Beba sweta, kiyoyozi hakina mchezo. Treni ya mjini haifiki huko, ila ukiwa na gari, maegesho ni bure.

Kama unachotafuta hasa ni sanaa za wenyeji asilia wa jangwa hili, nenda Heard Museum, karibu na katikati ya jiji, iliyoanza 1929. Ukiweza iwe Februari, wakati wa mashindano ya ngoma ya pete, ambapo mchezaji mmoja huunganisha pete nyingi kubwa mwilini hadi zikawa mabawa ya tai. Ipe siku yake peke yake.